Kopo la Unga

Kodi ya Februari Tornike kaigeuza unga:
kopo jeusi, fahali katuna misuli ubavuni.
Kijiko alfajiri, kijiko usiku,
bweni zima la Kutaisi likanuka vanila ya uongo.

Lamara, anayetufunza kunyanyua chuma
chini ya ngazi, palipokuwa ghala la viazi,
alisoma kibandiko, akapiga chafya.
"Jana ulilala kwa saa ngapi?"
Tatu.
"Ukala nini?"

Akampunguzia kilo kumi.
Aibu ikamwiva masikioni.

Siku hizi tunachemsha maharage kwa zamu,
mayai mawili kila mtu,
jibini, mama yake Natia akituma.
Kumbe msuli hujengwa tukikoroma.

Kopo bado lipo, na ahadi zake zote.
Tumelitia chumvi,
ya mezani.