Hesabu ya Fisi Maji

Asubuhi, chini ya Nguba, ziwa halijanawa uso,
kaka Zihalirwa ameshuka na wavu uliotoboka,
tundu la kupita kichwa cha mtoto.
"Njo yeye," anasema. "Fisi maji. Ananimalizia sambaza."
Mkononi mtego, chuma kimekenua.

Mimi nasugua sufuria juu ya jiwe hili mwaka wa kumi na moja.
Namjua kwa choo chake.
Usicheke. Jirani hujulikana kwa takataka zake.

Nikaokota kijiti, nikachambua mbele ya kaka:
kipande cha gando, kipande cha gando,
ganda limesagika jekundu kama tofali la Kadutu,
mfupa wa chura, mwembamba kama njiti,
gamba moja la samaki. La perege, si la sambaza.
Na uzi wa nailoni, wa buluu.

"Aa!" akasema Zihalirwa.

Lakini mimi nimemwona akila.
Haangalii. Macho yako ng'ambo, Rwanda,
vidole viko chini ya mawe vinapapasa
kama mama anayetafuta franka gizani kwenye fundo la kitenge.
Kaa akijibu kwa gando, ameisha:
mdogo mzimamzima, kro, kro, mpaka huku nasikia;
mkubwa hugeuzwa chali kwanza.
Samaki mdogo humla huku anaelea, kidevu juu,
kama mtu na karanga zake njiani.
Mkubwa humpandisha mwambani, aanze na kichwa,
mkia awaachie kunguru, nao wagombane.

Sambaza je? Akimpata atamla, sitamtetea kwa uongo.
Ila sambaza hupanda usiku, kwenye taa zenu,
na saa hizo yeye amelala shimoni, tumbo limejaa kaa.

Zamani alikula kule Ruzizi inakoanzia.
Sasa chupa za plastiki zimetanda hadi bwawa la umeme,
anaingiza mkono chini, anashika kizibo.
Ndiyo maana amekuja kwetu.

Zihalirwa hakuutupa mtego.
Ameutundika msumarini, nyuma ya mlango.
"Tutaona," alisema.

Leo kuna choo kipya juu ya jiwe, bado kinanuka.
Nimehesabu: kaa, kaa, chura, kaa,
na uzi tena, mrefu kuliko ule.
Nimeufukia kwa kisigino
kabla kaka hajashuka.