Ufunguo wa Ukumbi

Siku tuliyomzika Bibi Heulwen
ukumbi ulikuwa umefungwa.

Mvua ya Welisi haina haraka.
Ilitunyeshea barabarani, watu mia na kitu,
viatu vimejaa udongo wa makaburini,
tukiukodolea macho mlango
ambao hakuna aliyewahi kuukuta na kufuli.
Idwal wa zimamoto akajaribu kwa bega.
Mchungaji akajipapasa mifukoni, akatoa peremende.
Mama akanitazama mimi, mimi nikamtazama mjomba,
mjomba akatazama mlima,
ule mlima wa vifusi vya mawe ya kuezekea,
kana kwamba jibu lingeporomoka kutoka huko.

Miaka arobaini na mmoja ufunguo ulikaa kwake.
Sijui nani alimpa. Nadhani alijipa.
Alifungua alfajiri kwa kliniki ya watoto,
Jumanne kwa wazee wa karata na ugomvi wao,
Alhamisi kwa kwaya, aliyoisikiliza akipiga deki,
kwani, alisema, sauti sina ila masikio ninayo.
Machimbo yalipofungwa,
wanaume wakarudi nyumbani na makopo yao ya chakula
wakakaa jikoni kama kabati lisilopata ukuta,
aliwafungulia wao pia. Hakutoa hotuba.
Aliwapa viazi wamenye.

Sisi wajukuu tuligawana naye na mji mzima,
na mji ulichukua fungu nono.
Nisidanganye: niliuonea wivu ule ukumbi.
Siku niliyotimiza miaka tisa
keki ilikatwa saa tatu usiku
kwa kuwa bomba la mtu lilipasuka
na Bibi alikwenda na ndoo zetu zote.
Alirudi amelowa hadi kiunoni, akawasha mishumaa,
akaimba nusu ya wimbo, nusu ya pili akasinzia,
mkono wake juu ya wangu,
unanuka siki na sabuni,
mzito kama paka aliyelala.

Basi tulisimama. Mikate ya mayai ikaanza kuloa.
Ndipo umati ukapasuka katikati, taratibu,
akapita Eirlys Parri, jirani wa ukuta mmoja.

Kila mtu alijua. Miaka kumi na tisa
yeye na Bibi hawakusemezana,
kisa ni mtufaha wa Eirlys
uliodondosha matunda upande wetu,
au ni neno lililosemwa juu ya hayo matunda;
ilitegemea nani anasimulia.
Ukuta mmoja. Walisikilizana kikohozi.

Akafungua mkoba, akatoa ufunguo
unaning'inia kwenye uzi mwekundu wa sufu,
sufu ya sweta yangu ya utotoni.
"Aliupitisha chini ya mlango wangu mwezi wa kumi,"
alisema, bila kumtazama yeyote.
"Na karatasi."

Karatasi nilionyeshwa baadaye:

Birika kubwa linavuja kushoto, weka taulo.
Sukari kabati la chini.
Vikombe themanini na vinne. Kimoja kina ufa, ni changu.
Matufaha yako mwaka huu ni matamu.

Hakuna samahani. Hakuna kwaheri.
Nilitafuta hata upande wa pili:
risiti ya siki, chupa tatu.

Eirlys akafungua. Baridi ya ndani ikatupokea kwanza,
kisha harufu ya dawa ya sakafu, ambayo ilinishinda,
nikajifanya nahesabu viti.
Alivua koti, akakunja mikono ya blauzi,
akaweka taulo upande wa kushoto.

Tulikunywa chai hadi giza likaingia.
Kikombe chenye ufa kilimwangukia mtoto wa Idwal,
asiyejua kitu, akajimwagia maziwa mapajani,
na Eirlys Parri akamfokea kutoka jikoni
kwa ile sauti, ile ile,
niliyodhani asubuhi tumeizika.