Mistari ya Makaa

Pale Kamalondo, nyuma ya gereji,
Mama Numbi aliandika madeni ukutani kwa makaa:
mstari mmoja, sahani moja.
Hakujua kusoma. Hakukosea hata siku moja.

Bukari ulitoka wa moto, tukipuliza vidole.
Sombe la mawese, bitoyo ya chumvi kali,
na mvua zikianza, vinkubala
vikilia menoni kama mchanga mtamu.
Watu wa mgodi walinawa beseni moja;
aliyechelewa alinawa weusi wa wenzake.

Baba alikuwa na mistari mitatu,
mwezi ule mshahara haukuja.
Hakuilipa. Mapafu yaliwahi.

Sasa ukuta ni mwekundu, wameupaka mara mbili,
na juu yake kuku amechorwa akicheka,
sijui anacheka nini.
Kijana wa kaunta: mayonezi au pilipili?
Naitwa kwa namba. Sitini na nne.
Nakula nimesimama, uma wa plastiki,
na sitasema uongo: ni tamu.
Mwanangu analamba karatasi.

Mama Numbi yuko Katuba kwa bintiye,
macho yameingia ukungu.
Jumapili nilimpelekea noti tatu.
Akazipapasa kwa kidole gumba, moja moja,
akanirudishia moja.

"Ile ya tatu baba yako hakuigusa," akasema.
"Alikufungia wewe.
Mimi sidai mtoto."