Kiko cha Kwanza

Jumapili, Kibuye, jua halijawa kali,
nimepita mitumba, nimepita mabirika,
nimepita makopo ya omena bila kugeuka,
hadi pale Khavere alipotandika gunia
na juu ya gunia, viko kumi na kimoja.

"Cha nani?" akauliza. "Cha baba? Cha mgeni?"
"Changu," nikasema, na sauti ikatoka ndogo
kama ya kijana anayenunua wembe wa kwanza.
Nina miaka sitini na moja.
Hakucheka. Hilo peke yake nililipia.

Hiki cha mti kiliuzwa na mpwa wa mpishi wa Njoro
aliyeachiwa na bwana shamba siku ya kufunga virago.
Kizuri, rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.
Nikakitia mdomoni: ulimi ukakuta vishimo viwili,
meno ya mtu nisiyemjua
yaliyouma humo hasira nisizozijua.
Nikakitoa polepole, kama aliyefungua
barua isiyo yake.

Hiki cha jiwe la Tabaka, mshipa wa waridi ubavuni,
kimechongwa kiboko, kinywa wazi ndicho bakuli.
"Watalii hukipenda," akasema,
na macho yake yakasema mengine.
Kizito. Taya langu si winchi.

Hiki cha kibuyu, chepesi
kama salamu za mtu unayemdai.

"Acha kutazama," Khavere akanifunza.
"Nyonya hewa kwanza, kikiwa kitupu,
fumba macho, sikiliza.
Kikipiga mluzi, kina ufa.
Kikikunyima pumzi sasa, kitakunyima na moto.
Na usianze na kikubwa. Mgeni hapimiwi kwa debe."

Basi nikasimama katikati ya soko, mtu mzima,
nikinyonya hewa kwa zamu, macho nimefumba,
na wapita njia wakinipisha kama mgonjwa.

Sikumwambia kwa nini.
Kwamba miaka thelathini na miwili, pale posta,
nilipiga muhuri, du, du, du,
siku, mwezi, mwaka, Kisumu,
na mpini ukajichimbia kitanda
hapa, kati ya gumba na kidole cha shahada.
Kwamba tangu nistaafu, mkono huu
huamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta kazi,
hupiga meza, hupiga goti,
na Rispa, alipokuwapo, aliushika
bila kufungua macho, ukanyamaza.

Cha saba kilikuwa cha udongo,
cheusi kwa moshi, shingo imepinda kidogo,
shilingi mia na hamsini, rahisi kuliko vyote.
Ubavuni mfinyanzi alisahau kidole chake:
duara, mistari ndani ya mistari,
muhuri ambao tarehe yake haisomeki.
Nikakishika. Kikalala palepale
pa mpini.

"Hicho kitavunjika," Khavere akaonya.
"Na mimi je?"
Akanikunjia tumbaku ya msokoto ndani ya gazeti,
upana wa vidole vitatu, kimoja cha nyongeza.

Sasa ni jioni, kibarazani, Manyatta.
Nimemaliza njiti tisa.
Nilishindilia mno, kikagoma;
nikalegeza, kikawaka kama jalala.
Ulimi umeungua, koo limenitukana matusi ya kale,
na Abich, mtoto wa jirani, aliyepanda ua kutazama,
amekohoa pamoja nami kwa heshima.
Kama kuna utamu ndani ya kitu hiki
basi umekaa mbali na mlango.

Kisha kikazimika chenyewe.
Abich akaitwa kula. Taa zikawaka ng'ambo ya pili.
Upepo wa ziwa ukaleta harufu ya mvua ya watu wengine.

Ndipo nikatazama chini:
sijakiweka. Bado kina joto,
joto dogo, la kitu kilicholala,
na mkono umekizunguka, kimya,
haupigi meza, haupigi goti.

Kiberiti kipo karibu.
Sina haraka na njiti ya kumi.