Jumatano ya Nyakasimbi

Ukiuliza Nyakasimbi ina umri gani
watakutajia kwanza bei ya chumvi.
Si dharau. Ndivyo tunavyohesabu.

Mimi nakata ushuru hapa, mwaka wa kumi na tisa,
kalamu nimeifunga kamba, naivaa shingoni.
Kabla ukungu haujanyanyuka juu ya Malagarasi
nasikia makasia, mitumbwi siioni,
na kabla ya makasia nasikia matusi:
watu wa ng'ambo hao, wameleta mihogo,
wanagombana na mto.

Zamani pesa ilikuwa fumba.
Chumvi ya Uvinza, imechemshwa, imefungwa majanini,
ilikuja kichwani mpaka hapa penye maji mafupi.
Mwanamke mmoja, Nyabusozi, ametubakia jina tu,
akatua mzigo, akatazama mamba,
akasema: Anayeitaka chumvi yangu
avuke yeye.
Wakavuka.
Hiyo ndiyo hati yetu ya kuzaliwa, nyingine hatuna.

Mdachi akaja na daftari na mizani ya chuma.
Mto akaupima kwa kamba, sisi akatupima kwa kodi,
jina letu akaliandika kwa makosa mawili.
Heleri zake tulizitoboa,
tukawavisha watoto wenye surua.
Reli yake ikapita mbali kidogo,
kama tajiri asiyetaka kusalimia.
Akaondoka usiku. Asubuhi akafika Mbelgiji,
akauliza mizani ni ya nani.
Hakuna aliyejua.

Ipo mpaka leo. Jiwe la kilo tano limemeguka pembeni,
na kila mtu anajua, na kila mtu hupimia hilo hilo,
kisha muuzaji huongeza konzi moja,
"ya kuziba pengo la Mdachi".
Mgeni akicheka tunamjua ni mgeni.
Asiyeongeza hatumpigi, hatumtukani;
Jumatano ijayo anakaa peke yake na maharage yake
mpaka jua linamshuka mgongoni.

Mwaka wa sabini na nne yalikuja malori.
Tukapelekwa barabarani, maili kumi na moja,
nyumba zikapangwa kama meno ya kitana.
Jumanne usiku watu wakaamka bila kuambiana,
vibuyu vya mawese, kuku miguu juu, mtungi wa asali,
na mizani imebebwa na Gwassa na mkewe kwenye mti mmoja
kama mgonjwa anayerudishwa kwao.
Mtendaji aliandika taarifa, nimeiona kwa macho yangu:
Kijiji kimehama. Jumatano imekataa.

Halafu mafuriko. Mto ukala vibanda, ukala daftari,
madeni ya watu yakaenda na maji,
na kuna waliolia, na kuna waliojifanya wanalia.
Mizani tuliikuta topeni, kambare amelala kwenye sahani.
Tukampima kwanza. Kilo mbili na ushei.

Sasa kuna daraja juu huko, malori hayatuhitaji.
Vijana wanasema Nyakasimbi imekufa
na wanalisema wakiwa wanakula samaki wetu.
Sibishani. Naona magugu penye safu ya wauza majembe.
Naona pia mama wa Kirundi aliyekuja na mkeka tu,
leo ana safu yake, na anatukana mto kwa Kiha safi.

Jumatano iliyopita Zeburia, binti wa Ntahondi,
muuza chumvi mpya, miaka kumi na saba,
alinilipa ushuru kwa simu. Ikalia mfukoni mwangu,
shilingi mia tano, kamili, haina pengo.
Nikamkatia stakabadhi.
Aliitandaza mezani, akachota konzi moja ya chumvi,
akaimwaga juu yake, akanisukumia,
akaendelea kumgombeza mteja.