Kazi Ambayo Hatukuiandika

Hamilton, Oktoba. Paa la maktaba linavuja
na theluji haijui kusoma ratiba yetu.
Tumebandika vikaratasi ukutani,
vya njano mbao, vya buluu mafundi,
mishale ikisema nani anamsubiri nani.

Nilizihesabu siku kutoka mwisho kurudi mwanzo
kama mtu anayefumua sweta apate uzi.
Msururu mmoja hauna hata siku ya kupumua:
kreni, mbao, lami, bati.
Ukichelewa hapo, umechelewa kote.

"Na mvua?" akauliza Desmarais.
Nikaipa mvua siku tatu.
Bi Tremblett wa fedha akanipokonya moja.

Jumatatu kreni ikafika saa moja kamili,
ikasimama barabarani inanguruma, inalipwa kwa saa.
Geti limefungwa.
Ufunguo anao Wendell, mlinzi,
na Wendell yuko Sudbury anamzika dada yake.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote.

Usiku nikachukua karatasi nyeupe,
nikaandika jina lake, jina tu, bila tarehe,
nikaibandika mwanzoni, kabla ya mshale wa kwanza.
Halafu nyingine chini yake: Kumpa pole.
Mhusika: mimi.