Kibaba cha Mikono

Barua ilikuja Januari pamoja na bili ya gesi
na kuponi za nyama ya kusaga:
Mteja wetu mpendwa, kuanzia tarehe mosi
nyumba yako ina gigabaiti mia na hamsini kwa mwezi.
Ukipitiliza, kila hamsini ni dola kumi.

Mama aliisoma amesimama mlangoni, mjini Minot,
theluji ikiyeyuka kwenye buti zake,
akaibana bahasha kwapani ili mikono iwe huru,
akaniuliza: gigabaiti ina ukubwa gani?
Nikajaribu, kama mtu anayeonyesha kimo cha mtoto wa jirani;
nikapandisha mkono, nikashusha, nikashindwa.
Ni kipimo cha unachotazama, nikamwambia.
"Mimi kusikia kwangu ni kutazama," akajibu,
akaenda kuvua buti.

Kila saa moja usiku hufungua kompyuta juu ya meza ya pasi
(ndiyo pekee inayomfikia kifuani),
huwasha taa mbili, huvaa sweta isiyo na maua,
na mama mdogo Arlys hutokea, huko Duluth.
Walizaliwa hivyo wote wawili, masikio yamefungwa,
vidole vimejaa umbea wa mtaa mzima:
goti la Arlys, bei ya mayai,
nani kafa kati ya wale wa bweni,
na yule jirani anayesukumia theluji yake
kwenye njia ya mwenzake, kisha anapunga mkono.

Bi Bergstad wa ng'ambo ya barabara
huongea na wanawe kwa simu tangu chai hadi chai,
sauti nyembamba kama uzi, haijazi hata kijiko.
Maneno ya mama yana mabega, yana nyusi na viwiko;
hayapiti kwenye tundu la sindano.
Haba na haba: tarehe kumi na tisa
kibaba kilikuwa ukingoni.

Nikapiga simu kampuni. Dakika arobaini za kinanda.
Mama ananitazama usoni: wanasemaje?
Wanasema simu yetu ni muhimu.
Kisha kijana, Tobin, mpole, naapa alikuwa mpole,
akashauri tupunguze ubora wa picha.
Tukapunguza. Vidole vya Arlys vikawa mlenda.
Aliuliza hili, mama akajibu lile,
wakalala wamenuniana kwa kosa la ukungu.

Basi wakaanza kubana.
Kwanza waliacha utani. Kisha majina ya watu.
Goti? Bado. Wewe? Nipo.
Dakika nne, kompyuta inafungwa,
na mama anabaki amesimama kwenye meza ya pasi
kama mtu aliyesahau alitaka kunyoosha nini.

Tarehe ishirini na sita Arlys alitokea hajachana nywele.
Alikuwa ametoka kwa daktari. Alisema neno moja,
na mama akanigeukia mimi, si yeye,
kana kwamba mimi ndiye mita.
Rudisha picha yote, nikamwambia.
Akakunja mikono ya sweta hadi viwikoni.

Bili ikaja. Dola kumi, mstari mmoja, bila maelezo.
Mama akaniita, akaweka kidole hapo.
"Usiku ule," akasema, "saa nzima hatukusema kitu.
Mikono ilikuwa mapajani. Tulitazamana tu.
Na hiyo nayo wameihesabu?"

Nikasema ndiyo, imehesabiwa.
Akatikisa kichwa polepole,
nusu kwa hasira, nusu kama mtu
ambaye hatimaye ameaminiwa,
akaenda kutafuta kitabu cha hundi.